Miti Iliyojua Nani Hakuoga

Enzi zetu hapa Jomvu mtu hakwenda kununua mti. Ungesema umenunua mti, watu wangekuuliza kama umeuziwa pamoja na kivuli chake, au kivuli kitaletwa kesho kwa mkokoteni. Siku hizi miti imepangwa kando ya barabara ya Nyali ndani ya viriba vyeusi, na vijana wanashuka garini, wanaipiga picha, wanachagua ule uliosimama wima kama askari wa zamu, wanaondoka nao. Hakuna anayeuliza unakunywa kiasi gani. Hakuna anayeuliza mizizi yake inakwenda wapi. Na muuzaji naye hamuulizi mnunuzi anakaa tambarare au mteremkoni. Wameoana bila kujuana majina.

Sisi tulikulia mteremkoni. Nyuma ya nyumba yetu ardhi ilishuka kama paa. Jiko la Mama lilikuwa ukingoni kabisa, jengo la peke yake la mawe na bati, na kutoka mlangoni pake uliteremka, ukateremka, mpaka ukakutana na mikoko ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia bara. Ukiangusha limau jikoni, ulilifuata mbio. Udongo ulikuwa mwekundu, wenye changarawe. Januari na Februari jua liliuchoma mpaka ukapasuka mistari, nyayo zikaungua, tukatembea kwa visigino. Halafu mvua za Mei zikija, maji yaliteremka kama yaliyoitwa, yakachukua kila kitu kisichoshikwa: majani, vifaranga, champali za Baba.

Baba alifanya kazi bandarini na aliporudi alilala. Mambo ya mteremko yalikuwa ya Mama. Yeye ametoka Rabai, amekulia kwenye vilima, na aliutazama mteremko wetu jinsi mwalimu anavyomtazama mtoto mtundu mwenye akili.

Alitaka miti ya maua. Watu wanadhani wazazi wetu walipanda tu vya kuliwa, lakini Mama alipenda maua kuliko mtu yeyote niliyemjua. Ila maji yalikuwa ya mfereji mmoja uliokuwa juu barabarani, wa mtaa mzima, na yalitoka yakitaka. Ungemwagilia maua kwa maji yale, majirani wangekuona umerukwa na akili. Kwa hiyo Mama aliweka mawe matatu.

Nitaeleza polepole, kwa sababu ni jambo dogo na watu wanalikosea. Kwenye mteremko maji hayana subira. Ukichimba shimo la duara kama la tambarare, maji yanajaa upande wa chini, yanafurika, yanaondoka na udongo wako. Basi unachimba shimo la umbo la mwezi mchanga, ncha zake mbili zikielekea juu kunakotoka maji. Udongo uliotoa unaulundika upande wa chini na kuukanyaga mpaka ushikane. Maji yakishuka yanaingia kwenye kumbatio hilo, yanatulia, yanazama. Mche unaupanda mwanzoni mwa mvua, mdogo tu, usiozidi goti, ili ujifunze kiu ukiwa bado mtoto. Si kazi ngumu. Nilikuwa na miaka minane na niliweza.

Juu ya kila mwezi Mama aliweka jiwe bapa, na juu ya kila jiwe alisimama mtu akaoga. Hapo ndipo penye siri yote. Kila mmoja wetu watatu, Mama na sisi watoto wawili, alikuwa na jiwe lake na mti wake, na kizuizi cha makuti kilichohamishwa kutoka jiwe hadi jiwe. Maji ya mwili wako yalikuwa maji ya mti wako. Sabuni ilikuwa ile ya mche wa dukani, kipande chembamba kama ulimi, na haikuudhuru mti. Maji ya kufulia yenye dawa ya kung'arisha Mama aliyamwaga mbali.

Kaka yangu Karisa alipewa mwarobaini, hatua kumi chini ya jiko. Alinuna siku mbili, kwa sababu mwarobaini hauna sifa ya urembo. Tuliujua kwa uchungu wa dawa yake ya homa na kwa vijiti vya kupigia mswaki. Mama akamwambia, "Huu ndio utakaoshika jiko langu. Mkubwa hapewi mti wa kuchezea." Mjohoro wa maua ya njano aliuchukua yeye mwenyewe, ubavuni. Mimi nililia nikapata mkrismasi, ule wenye maua mekundu yanayowaka Desemba nzima. Lakini niliutaka mlangoni, na Mama akaupeleka chini kabisa, karibu na mikoko.

Nilimwona mwonevu. Miaka ilipopita ndipo nikaelewa, na wewe mwenye mteremko uelewe leo bila kusubiri. Mizizi ya mkrismasi inatambaa juu juu na kuinua sakafu, kwa hiyo haukai karibu na ukuta. Tena maua yake yanakaa utosini. Mtu wa tambarare anayeupanda anaona tumbo la mti maisha yake yote, na maua anawaachia ndege. Sisi tulikaa mlangoni pa jiko tukayatazama kutoka juu, mekundu yametandazwa kama sinia, na nyuma yake maji ya hori. Desemba tulikula ile petali moja yenye michirizi myeupe, chachu inayokunja uso. Tulipiganisha nyuzi za katikati ya ua, kichwa kwa kichwa, mpaka cha mmoja kikadondoka. Makaka marefu ya mbegu zake yakikauka yakawa mapanga yanayolia njuga, na Karisa alinikata shingo kwa hayo mara elfu.

Watoto wa leo wana simu yenye michezo yote ya dunia, na wakikosa umeme saa moja wanalala kifudifudi kama wagonjwa.

Jioni saa kumi na moja tulikwenda mferejini kila mtu na chombo chake. Tukirudi, kuoga kulianza, na Mama alisimamia kutoka jikoni akigeuza mahamri karaini. Hakuhitaji kuona. Alipiga kelele zile zile kila siku.

"Dama!"

"Abee, Mama!"

"Shingo!"

Shingo yangu ilikuwa suala la familia. Nikikumbushwa nilisugua kwa kumbi la nazi mpaka ngozi ikawaka. Nisipokumbushwa, shingo ilijitegemea.

Hukuweza kudanganya, kwa sababu mti ulikushtaki. Mama aliteremka kila Jumamosi kukagua. Mti wenye majani yaliyosinyaa ulikuwa na mtu mchafu juu yake. Na mwaka wa pili, kiangazi cha Februari, mkrismasi wangu ulianza kukauka ncha. Ukweli ni kwamba nilichoka kubeba debe. Nilichukua kopo moja, nikalowesha uso na miguu, mahali panapoonekana, nikatoka nyuma ya makuti nikitetemeka kama mtu aliyeoga mtoni.

Mama alilishika tawi, akanitazama. "Mti wa Dama hauogi," akasema. Fimbo mbili. Nikaoga kweli wiki nzima, debe zima, na mti ukachipua. Nilitembea mtaani nikieleza nilivyoufufua. Kisha nikarudia kopo langu, na mti ukazidi kunenepa. Nikajua mti wangu ni hodari kama mwenyewe. Hadithi hiyo nimewasimulia watoto wangu, wajukuu wangu, na yeyote aliyekaa nami kwenye foleni ya benki: tulivyolea miti kwa maji ya miili yetu, siyo nyinyi mnaoua hata maua ya plastiki.

Na ndiyo hadithi niliyokuwa nayo mdomoni mwaka jana Oktoba, Furaha aliponiita nije nione bustani.

Furaha ni binti wa Karisa. Anafanya kazi ya ofisi mjini na anakaa na baba yake katika nyumba ile ile, pamoja na Mama, ambaye macho yake ni mazito lakini ulimi bado mwepesi. Mimi naishi Mishomoroni. Furaha alikuwa anaposwa Desemba. Wakwe wangetoka bara, na shughuli aliitaka nyuma ya nyumba, hewa ya hori iwapepee.

"Shangazi, nyuma kumekaa kama msitu," aliniambia. "Nataka kuwe na mpangilio."

Mpangilio ulikuja na suruali nyeupe. Fundi wa bustani, kijana wa bara mwenye adabu zake, alivaa suruali nyeupe kufanya kazi ya udongo mwekundu. Hapo tu ningemaliza mahojiano. Alisimama jikoni pa Mama, akanyoosha mkono kama nahodha. Hapa tunasawazisha. Haya mashimo tunafukia. Haya mawe yanatoka. Tunapanda ashoki ishirini, miti ile myembamba ya kusimama wima, mistari miwili kutoka juu mpaka chini, kama njia ya ikulu. Katikati nyasi.

Nilimweleza taratibu, maana nilitaka afaulu. "Mwanangu, ukipanda kutoka juu kwenda chini umeyachorea maji barabara. Panda kwa kukingama, mti mmoja ukiziba pengo la wa juu yake. Na miche hii mirefu kuliko wewe imezoea mpira wa maji asubuhi na jioni. Hapa mfereji unatoka mara mbili kwa wiki. Chukua midogo, uipe mwezi wake."

"Mwezi gani, mama?"

Nikamwonyesha. Akatabasamu kama unavyomtabasamia mgonjwa. "Hiyo ni ya zamani. Picha haitoki vizuri."

Picha! Mti umekuwa mpambe wa picha. Haupandwi ukae, unapandwa uonekane Jumamosi.

Halafu akasema lililonichoma. Miti mikubwa ilikuwa miwili iliyozuia mistari yake, mwarobaini na mkrismasi, na mmoja lazima ungeondoka. Mjohoro wa Mama ulikuwa pembeni, haukumkera. Furaha akamtazama baba yake. Karisa hakufikiri hata kidogo.

"Kateni wangu," akasema. "Wa Dama usiguswe."

Sikumshukuru. Nilimpandishia. "Mti ulioshika jiko la Mama! Karisa, wewe ni baba wa mposwa au umekuwa tarishi wa mwanao? Mama hahami jiko lile, unajua. Likishuka atashuka nalo, ameshika mwiko."

"Ni siku moja ya mtoto," akajibu, na akaangalia chini. Mti alioulea kwa jasho anautoa kama kikombe kilichopasuka, nikasema moyoni, na nikasema kwa sauti pia.

Wiki iliyofuata mawe yaling'olewa yakatupwa kwenye ua, miezi ikafukiwa, ashoki ishirini zikasimama mistari miwili. Palipendeza, siwezi kusema uongo. Palipendeza kama nyumba ya maonyesho, ambamo hakuna anayeishi. Watu wa msumeno wa mashine waliambiwa waje Jumatatu kukata mwarobaini.

Jumapili jioni Mama aliniambia nilale pale, na nimtafutie beseni kubwa.

Jumatatu saa mbili asubuhi vijana wawili walifika na msumeno, wakapita ubavuni mwa nyumba, na wakarudi nyuma kama waliokanyaga moto. Mama alikuwa amefunga leso mbili kwenye matawi ya mwarobaini, na nyuma yake, juu ya kigoda, anaoga. Mabega ya bibi mwenye zaidi ya miaka themanini yalionekana juu ya leso, yanang'aa maji, na kata inapanda na kushuka.

"Shikamoo, bibi!" mmoja akapaza sauti, amegeukia ukuta.

"Marahaba. Naoga."

"Tutangoja."

"Ngojeni. Mimi ni mzee, nina sehemu nyingi."

Walingoja mpaka saa nne, wakaondoka. Jumanne walirudi mapema, saa moja na nusu. Wakamkuta ameshaingia. Jumatano fundi mwenyewe alikuja nao, amevaa suruali ile. Alisimama kwenye kona, mgongo kwetu, akajaribu maneno ya kwao.

"Shosho, bado hujamaliza?"

"Huyo shosho ni nani?" Mama akaniuliza. Nikamwambia ni yeye, kwao ndiyo bibi. Akamwaga kata nzima taratibu. "Mwambie shosho amefika shingoni."

Furaha alitoka ndani akiwa nusu analia. "Hawe, bafu liko ndani! Lina maji moto!" Hawe ndivyo wajukuu wetu wanavyomwita bibi.

"Bafu la ndani maji yake yanakwenda wapi, mjukuu wangu?"

Furaha hakujua. Ana shahada, na hakujua maji yake ya kuoga yanakwenda wapi. Mama hakumcheka, alimwambia tu amletee taulo. Mimi nilicheka kwa niaba yake.

Alioga chini ya mwarobaini siku tisa. Vijana wa msumeno walipata kazi kwingine. Siku ya kumi mvua ilishuka.

Vuli ilikuwa imechelewa, na ikaja yote pamoja, mchana, kwa saa tatu. Tulisimama mlangoni pa jiko mimi, Karisa, Furaha na Mama. Maji yaliingia katikati ya mistari miwili ya ashoki kama yaliyochongewa njia, na yalikuwa yamechongewa kweli. Nyasi zikakunjika kama mkeka na kuondoka. Ashoki ya kwanza ikainama kwa heshima, ikalala, ikateremka. Ikafuata ya pili. Mtaro ukachimbika mbele ya macho yetu, ukapanda kuelekea jikoni, ukila udongo kidogo kidogo, na sakafu chini ya miguu yetu ikatoa mlio nisioutaka tena maishani.

"Mama, toka jikoni," Karisa akasema.

"Nina wali motoni."

Mtaro ukafika kwenye mwarobaini, ukasimama. Mizizi ilijitokeza, minene kama mapaja, imeshikana na mwamba chini na udongo wa jiko juu. Maji yakagawanyika mara mbili, yakapita kando, yakapungua nguvu. Chini kabisa mkrismasi ukazipokea ashoki zilizoporomoka, zikarundikana kwenye shina lake kama watu waliokimbilia kituoni. Nilihesabu zilizobaki zimesimama. Nne.

Nilitaka kusema mengi. Nilikuwa na Oktoba nzima ya maneno. Lakini Furaha alikuwa amemkumbatia Mama kwa nyuma, ameficha uso mgongoni kwake, nikaona nimwachie.

Jumamosi iliyofuata tulirudisha mawe. Furaha alichimba miezi mwenyewe, amevaa suruali kuukuu ya baba yake, na nilimwonyesha kugeuza ncha juu na kukanyaga udongo. Wa kwanza aliugeuza chini. Wa tatu ulikuwa mzuri kuliko wangu wowote. Ashoki nne tulizihamisha, tukazipanda kwa kukingama. Kama zitaishi sijui, lakini sasa angalau zinapata cha kunywa.

Mimi na Karisa tulibeba jiwe langu mpaka chini. Wote wawili tumeshapita sitini. Tulipumzika mara nne. Nikiwa nimelikalia ndipo nikamsimanga tena. "Mti wako umeokoa jiko, na wewe uliutoa bila hata kupepesa macho. Mtu hauzi mti aliouogea miaka yote ile."

Karisa alifuta jasho kwa kofia. "Wangu niliuogea mara moja kwa siku," akasema. "Na wako vile vile."

Sikuelewa. Akanieleza bila kunitazama, kama anayeomba radhi. Zile fimbo mbili zilimuuma yeye. Alipoona nimerudia kopo, akaanza kwenda mferejini alfajiri kabla ya shule, akaoga kwenye jiwe langu, jioni akaoga kwenye lake. Mwaka huo, na uliofuata, na ule wa baada yake, mpaka mti ukajitegemea.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unafurahia sana kusimulia."

Siku ya posa mkrismasi uliwaka. Wakwe wa bara walikaa mlangoni pa jiko wakatazama chini, na mama wa bwana harusi akauliza zulia lile jekundu tumelitoa wapi. Furaha akamwambia ni mti wa shangazi. Nilifungua mdomo, nikaufunga, kisha nikaufungua tena nikasema ni wa Karisa.

Siku hizi kila mtu ana bafu lake na ufunguo wake. Maji yanaingia shimoni, shimo linanyonywa na lori, na hakuna jani hata moja duniani linalojua kama umeoga. Usafi umekuwa siri ya mtu na sabuni yake. Labda ndiyo maendeleo. Sisi tulioga mbele ya miti, na miti ikatusema, na aliyetupenda akatuogea bila kutuambia.

Jumamosi nikienda Jomvu nachukua debe zima. Karisa ananifungia leso mbili, nateremka polepole mpaka chini, nasimama juu ya jiwe langu. Najua siwezi kulipa alfajiri zile zote. Namwaga hivyo hivyo. Na kutoka juu jikoni, Mama, ambaye sasa haoni hata mlango ulipo, ananiita.

"Dama!"

"Abee, Mama!"

"Shingo!"